Nilipokuwa Mama wa Mama Yangu

Mama hakuwahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni binti wake wa pili, na kwetu Ukambani binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, kwa hiyo nilizaliwa nikiwa tayari ni nyanya yangu. Mama asingeweza kulibwaga jina la mzazi wake hivi hivi kila saa, mara nilete maji, mara nifukuze kuku. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Nilipojifunza kutembea nikaanguka, alinibeba akisema, "Pole mwaitu." Nilipokojoa kitandani, aliyeanika godoro juani alikuwa binti wa mwaitu, na alilalamika kwamba mwaitu amekuwa mtu mzima ovyo.

Nilipofika darasa la tatu au la nne nikaanza kuwa na mdomo, na hapo mchezo wetu ukaanza. Mama akitaka kwenda kwa kikundi cha akina mama kanisani, alisimama mlangoni na mkoba wake akaniuliza kwa sauti ya kitoto, "Mwaitu, naweza enda?" Nami nilishika kiuno, nikakunja uso. "Umeosha vyombo?" "Nimeosha." "Haya enda, lakini ukichelewa nitakuchapa." Mama alicheka mpaka akaegemea mlango. Mara nyingine aliwaita majirani waje wasikie nilivyomgombeza. Nilikua, nikaolewa, nikawa mjane, nikalea binti yangu mpaka akaajiriwa, na mchezo ukaendelea vilevile. Hata kwenye simu: "Mwaitu, nimemaliza dawa ya kikohozi, usinichape."

Naeleza haya yote kwa sababu ndiyo yaliyonifunga macho. Mtu mwingine, ambaye hakuitwa mwaitu na mama yake, angeona mapema.

Baba alipofariki nilimtoa mama kijijini, huko Kithyoko, nikamleta kwangu upande wa Kyumbi, kwenye ploti ndogo niliyojenga vyumba vitatu na tangi la maji. Mimi ni fundi wa cherehani. Nashona sare za shule mjini Machakos, na wateja wangu wanajua kwamba vipimo vyangu ni sahihi na maneno yangu ni makali. Sina subira na mtu anayerudia jambo. Mama alianza kurudia mambo mwaka wa pili akiwa kwangu, na mimi nilifanya kama ninavyofanya kwa wateja: nilimkatiza kauli.

Alitia chumvi mara mbili kwenye isyo, mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha. Alinisimulia asubuhi habari ileile aliyonisimulia jana yake, kwa maneno yaleyale, akicheka mahali palepale. Siku moja alipotea. Alirudishwa na Msomali mmoja mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mpole sana, aliyemkuta amesimama kando ya barabara pale Kyumbi akingoja gari la Kithyoko. Nilimshukuru yule bwana, nikamfokea mama. Nilidhani amechoka kukaa kwangu. Niliumia, kusema kweli, nikakaa siku mbili bila kumsemesha vizuri. Watu wakiniuliza hali yake nilisema amekula chumvi nyingi tu, na sote tukaridhika na jibu hilo.

Kumbe kulikuwa na jambo moja ambalo lingetosha kuniamsha. Mama aliendelea kuniita mwaitu, aliendelea kuniomba ruhusa ya kwenda hapa na pale, ila hakuwa tena akicheka. Aliuliza, akanitazama usoni, akangoja. Mimi nilijibu kwa ukali wetu wa siku zote, nikacheka peke yangu, nikashika njia kwenda kazini. Kicheko chake kilikuwa kimetoka na sikukitafuta.

Halafu ikaja Januari ile. Fundi wa sare hana Januari ya kupumzika. Shule zilikuwa zinafunguliwa, wazazi wamenijia juu, nina sketi za marinda ishirini na kitu hazijatiwa zipu. Na nyumbani ndengu zilikuwa zimevunwa, ziko kwenye gunia, zinangoja kuchambuliwa. Asubuhi nilimtolea mama kiti cha plastiki, nikakiweka kwenye kivuli cha tangi, nikampa ungo na ndengu. Alipenda kazi hiyo. Nilipokuwa nafunga viatu akaniuliza, "Mwaitu, nikimaliza naweza enda kwa jirani?"

Nilikuwa nimechelewa. Nikashika kiuno kama kawaida. "Wewe keti hapo. Usiinuke mpaka nirudi. Ukiinuka utaniona."

"Sawa mwaitu."

Nilinuia kurudi saa sita nimpe chakula. Lakini kitambaa cha buluu kiliniishia, nikaenda kwenye duka la mama mmoja Mwislamu ninayenunua kwake, nikakuta foleni ya mafundi wenzangu, wote wana shida moja na mimi. Nilirudi karibu saa kumi.

Kivuli cha tangi kilikuwa kimehamia upande wa pili wa ua. Mama alikuwa palepale, juani, ungo mapajani. Ndengu zilikuwa safi, hamna hata jiwe moja. Midomo yake ilikuwa imepasuka na jasho limekauka usoni likaacha alama nyeupe. Chini ya kiti udongo ulikuwa umelowa. Jirani yangu alikuja mbio kutoka kwake akaniambia kwamba amemwita mara tatu aje kivulini, amemletea hata maji, na mama amekataa hata kuuweka ungo chini ayapokee. "Anasema mwaitu amemwambia asiinuke. Nikafikiria ni ule mchezo wenu."

Sasa nitasema nilichofanya, maana ndicho nilichokaa kuandika. Sikumkumbatia. Nilimkasirikia. Niliona aibu mbele ya jirani, na aibu kwangu hutoka kama hasira. Nilimpokonya ungo nikasema kwa sauti ya juu, "Mama, wewe ni mtoto? Huoni jua?"

Aliinua mkono kufunika uso, hivi, kiwiko mbele, kama mtoto anayengoja kofi. "Nimemaliza, mwaitu," akasema. "Usinichape."

Hapo ndipo nilipojua. Hakuwa akicheza. Sijui ni kwa muda gani alikuwa hachezi. Pengine mwaka mzima alikuwa akiishi na mama mkali anayemwambia atachapwa, na kila asubuhi mama huyo alicheka na kwenda zake.

Nilimwosha, nikampaka mafuta, nikamnywesha uji kidogo kidogo. Nikapiga magoti mbele yake nikasema, "Mama, nisamehe. Ni mimi, mtoto wako." Akanipapasa kichwa kwa adabu, kama unavyompapasa mgeni asiyejielewa. Akaniuliza mama yake ameenda wapi.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka mama anijue, hata kwa dakika tano, anijue kwamba mimi ni binti yake, ili nimwombe msamaha wa siku ile na wa siku zote zilizoitangulia. Msamaha wa kumwomba mtu anayedhani wewe ni mwingine haufiki popote.

Nilimpeleka hospitali moja mjini. Daktari alikuwa msichana wa rika la binti yangu, mwenye mikono mizuri isiyo na haraka. Alimwuliza mama leo ni siku gani, akamwambia achore saa, akampa maneno matatu ya kukumbuka. Mama aliniangalia ili nimsaidie kama mtoto anayeibia mtihani. Walimpima damu, tezi na vitamini, kuona kama kuna kitu kinachotibika kinachojifanya usahaulifu. Walipiga picha ya kichwa. Presha yake ilikuwa juu, na masikio yake yalikuwa yamefifia kuliko nilivyodhani.

Wiki mbili baadaye daktari alinikalisha. "Mama, hii ni ugonjwa. Si uzee tu. Inakaa kuwa ni Alzheimer."

Nilimwuliza swali lililokuwa likinila. "Ni mimi nimemletea? Nilimwacha juani siku nzima."

"Hapana. Hiyo jua haikumsaidia, siwezi kudanganya. Lakini hii kitu haikuanza Januari. Kwa ubongo ilianza kitambo, pengine miaka kumi na zaidi kabla nyinyi muone kitu." Akachukua kalamu akanichorea. Kuna protini mbili, alisema. Moja hujikusanya nje ya seli za ubongo, kati ya seli na seli, na mwili ukishindwa kuiondoa inarundikana. Ya pili iko ndani ya seli zenyewe, na ikiharibika inajisokota kama uzi uliokwama chini ya mguu wa cherehani. Mfano huo ni wangu, yeye alisema inajisokota tu. Nilimwelewa vizuri mno. Nimepoteza siku nzima kwa uzi wa namna hiyo. Seli zikishazongwa hivyo haziongei tena, na mwishowe zinakufa, zikianzia sehemu inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mama alisahau jana na kukumbuka miaka ya sitini.

"Na kinacholeta?"

"Kitu moja peke yake hatujui. Miaka yenyewe ndiyo ya kwanza. Presha ya muda mrefu, sukari, kugongwa kichwa, masikio ikiharibika na mtu achelewe kusaidiwa. Na damu, pia. Kwa familia kuna mwingine alikuwa hivi?"

"Hakuna," nilisema, upesi na kwa kiburi. Kwetu hatuna wendawazimu.

Binti yangu alikuja Jumamosi hiyo kutoka Syokimau. Nilimweleza kila kitu isipokuwa habari ya kiti, hiyo sikuweza. Alisikiliza huku akisoma kwenye simu yake, kisha akainua kichwa. "Na yule nyanya mwenye uliitwa jina yake? Alikufa na nini?"

Nilimwona mama wa mama mara mbili maishani, nikiwa mdogo. Baba alifanya kazi Athi River na sisi watoto tulilelewa huko. Kulikuwa na kipindi mama alikwenda Kithyoko akakaa miezi mingi, tukaambiwa nyanya ni mgonjwa, tukapikiwa na shangazi. Mama alirudi amekonda. Nyanya alikuwa amezikwa. Hakuna aliyesema kilichomuua, na mama, ambaye angeweza kukusimulia ugonjwa wa ng'ombe wa jirani kwa saa nzima, hakuugusia kamwe.

Nilirudi kwa daktari na swali hilo. Akaacha kuandika. "Alianza akiwa na miaka ngapi?" Hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo heri ningeyajua taratibu. Kuna familia chache sana duniani, alisema, zenye jeni iliyoharibika kiasi kwamba anayeirithi karibu lazima augue, na huugua mapema, akiwa bado na nguvu za kazi, arobaini na kitu, hamsini. Katika familia hizo kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mama alikuwa amepita sabini, kwa hiyo daktari hakufikiria kwamba ndivyo ilivyo kwetu. Lakini kama nyanya alianza mapema, angetaka kujua.

Kwa watu wengi mambo ni mengine, akaendelea. Kuna jeni inaitwa APOE, kila mmoja wetu ana nakala zake mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Ina aina tatu, zinazoitwa ya pili, ya tatu na ya nne. Aina ya nne huongeza uwezekano wa kuugua, na mwenye nakala mbili za aina hiyo huongezewa zaidi. "Lakini haikuhukumu. Kuna watu wako nayo na wanazeeka na akili zao zote. Kuna wengine hawana na wanapata. Na watu wetu hawajachunguzwa vya kutosha, hata ile hatari yenyewe haionekani kuwa sawa kwa watu wote. Nikikupatia namba hapa nitakuwa nakudanganya."

Mimi nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Nilitoka pale nikihesabu kila kitu nilichowahi kusahau. Wiki hiyo nilikata mkono wa shati kinyume, kosa la mwanagenzi, nikafunga duka nikalia nyuma ya pazia la kupimia nguo.

Naomba msomaji aikumbuke hofu hiyo, si kwa kunitetea, ila ajue ilivyokuwa. Kwa sababu ndiyo iliyoniibia nilichokuwa nakingoja.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mwezi wa nne. Niliingia chumbani kwa mama na chai. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunga leso vizuri, fundo mahali pake. Akanitazama akasema, "Mwaitu, naona umeanza kunenepa. Nani anakulisha, na mimi sipiki?" Akacheka. Akaegemea ukuta akacheka kicheko chake chenyewe, kile nilichokuwa sijakisikia kwa muda wote huo. Akauliza kama zile sare za shule zimeisha. Akauliza binti yangu ameolewa au bado anachagua.

Alikuwa amerudi. Alinijua. Na mimi, mwenye kuomba dakika tano usiku na mchana, mwenye maneno niliyokwisha kuyapanga, nilifungua mdomo nikasema, "Mama, ule ugonjwa wa nyanya. Alikuwa anasahau? Alianza akiwa na miaka mingapi?"

Kicheko kilikatika. "Nani amekuambia mama yangu alikuwa mgonjwa?"

"Daktari anataka kujua, mama. Ni muhimu. Alikuwa mzee ama bado?"

"Mama yangu alizeeka tu."

"Lakini alikuwa anasahau?"

"Nimesema alizeeka!" Akageukia ukutani. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikaendelea kumsukuma, Mungu anisamehe, kwa sauti ile ninayotumia kwa mteja aliyekawia kulipa. Nilitaka mwaka. Nilitaka kujua kama ninayo miaka kumi au ishirini. Alipogeuka tena, macho yalikuwa yale mengine, na aliniuliza kwa woga kama amefanya kosa gani.

Haikurudi tena asubuhi kama ile. Niliingojea kila siku na chai. Ningekuwa na akili ningemwacha acheke, nikamwambia neno langu moja, nikanyamaza.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba jibu nililolitafuta halikuhitaji kutoka kwake. Mwezi uliofuata nilikwenda Kithyoko kwa mama mdogo, ndugu pekee wa mama aliye hai, nikalipata kabla chai haijapoa. Nyanya alikuwa mzee wa kweli, alisema, hana jino hata moja, ana vitukuu. Alianza kwa kupoteza majina, halafu njia, halafu watu. Alikuwa akiwatafuta mbuzi waliokwisha kuliwa zamani. "Wengine walisema amerogwa. Wengine wakasema ni hasira ya wazee. Mama yako ndiye alimwangalia, mimi nilikuwa na mtoto mchanga. Tangu tumzike hajawahi kuniongelesha hiyo maneno."

Alipokuwa akinisindikiza barabarani alinishika mkono. "Mwanangu, hilo jina liko na kitu. Mwambie msichana wako akizaa asilirudishe."

Nilimkasirikia, ingawa najua alisema kwa mapenzi. "Mama mdogo, mama hana hilo jina na ndiye mgonjwa. Dada yangu mkubwa hana hilo jina, na hatari yake na yangu ni moja. Ugonjwa haujui nani ameitwa nani."

"Basi inajua nini?"

"Inajua damu kidogo, na miaka, na presha." Nilisema hivyo kwa sauti ya daktari, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilitaja jina langu kimoyomoyo, kuona kama lina ladha mbaya.

Binti yangu alitaka nipimwe. "Mum, ni rahisi. Unatema mate kwa kachupa, inatumwa nje, wanakuambia."

"Wakishaniambia?"

"Si utajua."

"Nikijua nifanyeje, nianze kusahau mapema?"

Hakucheka. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hakuwa anauliza kwa ajili yangu peke yangu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimeutazama mstari wa damu kuanzia kwa nyanya mpaka kwangu, nikasimama hapo, kana kwamba dunia inaishia kwa mafundi wa sare. Tulikwenda wote wawili kwa daktari. Alituambia kipimo hicho hakingesema nani ataugua wala lini, na kwamba kabla ya kupima mtu anapaswa kwanza kuzungumza na mtaalamu anayejua kueleza majibu. Mpaka leo hatujapima. Mimi nameza dawa ya presha, maana ilipatikana ninayo. Binti yangu amenilazimisha kupimwa masikio. Ni machache, lakini ndiyo yaliyo mikononi mwetu. Laiti ningemfanyia mama machache hayo miaka kumi mapema, nilipokuwa nikimcheka kwamba hasikii kwa makusudi.

Mama alizidi kudidimia. Siku nyingine alikuwa na miaka minane, siku nyingine thelathini. Nilijifunza kumjibu katika umri aliokuwa nao. Niliacha kusema "ni mimi, mtoto wako," kwa sababu maneno hayo yalimtisha. Nilikuwa mwaitu mchana kutwa, mwaitu mpole safari hii, asiyetaja kuchapa. Nilipunguza kazi. Nilifanya kila kitu ambacho kingemfaa mama yangu, na aliyefaidi alikuwa mtoto wa mwanamke mwingine.

Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, upepo ulianza mchana ukawa unaupiga mlango wa sebule. Nikaenda nikaufunga, nikasukuma komeo. Kwa kawaida nilikuwa naufunga kwa ufunguo tu. Komeo lile nilikuwa nimelitia siku chache tu kabla. Lilitoa sauti ya chuma.

Mama alikuwa kwenye kochi. Alisimama ghafla, mtu ambaye kwa wiki nyingi alikuwa hainuki bila kushikwa. Akanijia akanishika mikono yote miwili, akageuza viganja vyangu juu, akaanza kutazama kucha zangu kidole kwa kidole.

Aliongea Kikamba, nami nakiandika hapa kwa Kiswahili. "Mwaitu, haikuwa ubaya. Ilikuwa siku ya soko. Ulikuwa unatoka, unapotea mtoni, na sikuwa na mtu wa kukuachia. Nikasema nitakufungia kidogo tu, nirudi saa sita."

Nilimwacha aendelee kuzitazama kucha.

"Nilikusikia ukiniita. Nilikusikia mpaka nilipofika barabarani. Nikaenda tu. Na soko lilikuwa zuri, mwaitu, nikakaa." Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. "Nikakukuta umekaa mlangoni, vidole vinatoka damu. Na hukusema kitu. Nilikuosha, nikakuomba, hukunijua. Mpaka ukaenda hukuniambia kitu. Sasa niambie. Nitukane, lakini useme."

Miaka zaidi ya arobaini. Alinilea na jambo hilo moyoni. Kila aliponiita, alikuwa akimwita mtu ambaye yeye mwenyewe alimfungia mlango, na nilipomwambia kwa mzaha kwamba nitamchapa, alicheka mpaka akaegemea mlango. Sijui alikuwa akicheka nini. Nimemwuliza daktari kila swali juu ya yanayorithiwa, na hili halikuwa miongoni mwa maswali yangu.

Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba mama yake alikwisha kufa, kwamba mimi ni mwaitu wa pili, kwamba nami nilimkalisha juani nikaenda sokoni kwangu na soko likawa zuri. Maneno yalifika ulimini. Lakini alikuwa bado amenishika mikono, akingoja.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikasema. "Nilikusamehe siku ileile. Sikuwa na maneno tu."

Alinitazama usoni, akihakikisha. Kisha alishusha pumzi, akakaa kwenye kochi, nikakaa kando yake, akalaza kichwa mapajani mwangu, akalala kama mtu aliyetua mzigo. Mvua ilinyesha mpaka ikaacha. Nilikaa pale nikimpapasa nywele na ombi langu likiwa bado mdomoni, kwa kuwa wa kunisamehe mimi ni mama yangu, na mchana huo hakukuwa na mama mwingine nyumbani isipokuwa mimi.